Skrubu imegoma: soma kichwa chake kabla hujakiharibu

Ukisikia ule mkwaruzo mfupi, "krrr", bisibisi inaporuka nje ya kichwa cha skrubu, simama hapo hapo. Usirudie kwa nguvu zaidi. Mkwaruzo huo ni chuma kinachonyofoka, na kila mruko unakula kidogo zile kuta ambazo bisibisi ingezishikilia katika jaribio linalofuata. Ikiruka mara nne au tano, skrubu iliyokuwa nzima imekuwa kazi ya mchana mzima.

Nimefungua skrubu nyingi, na nikivikumbuka vichwa nilivyoviharibu, karibu vyote viliharibika kwenye robo ya kwanza ya mzunguko, kwa sababu nilitia ncha isiyo yake. Kutu na gundi nazo zina makosa yao, tutafika huko. Lakini dalili iwe ipi, swali la kuanzia ni moja: kichwa hiki kilitengenezwa kishikwe na nini?

Kabla ya kutafuta dalili yako hapa chini, safisha kichwa. Chukua sindano nene au ncha ya kisu, toa vumbi, rangi na grisi iliyokauka, kisha puliza. Tundu lililojaa rangi linaifanya bisibisi sahihi ionekane si sahihi, na wengi huanza kubadilisha bisibisi wakati kilichotakiwa ni kufagia tu.

## Msalaba unaruka

Hii ndiyo dalili inayosumbua watu wengi zaidi, kwa sababu tunaamini msalaba ni mmoja. Tunauita "nyota", tunachukua bisibisi ya nyota, tunaanza kazi. Kumbe ipo misalaba mitatu inayofanana ukiitazama kwa mbali, na ncha ya mmoja haikai sawasawa kwenye mwingine.

Wa kwanza ni Phillips, wenye jina la Henry F. Phillips wa Portland, Marekani, aliyeuendeleza miaka ya 1930. Magari ya Cadillac yalianza kufungwa kwa skrubu hizo mwaka 1936, na sababu ilikuwa nzuri: ncha inajitafutia katikati yenyewe, kwa hiyo anayefunga mamia ya skrubu kwa siku hapotezi muda kulenga. Gharama yake iko kwenye kuta. Kuta za tundu la Phillips zimeinama, na ukizungusha, sehemu ya nguvu yako inageuka kuwa nguvu ya kuitoa bisibisi nje. Ndiyo maana Phillips inataka mkono unaosukuma ndani kwa nguvu kuliko unavyozungusha, hasa wakati wa kufungua.

Wa pili ni Pozidriv. Washa tochi uutazame kwa karibu: kati ya mikono minne ya msalaba utaona mistari minne myembamba iliyochongwa kwa digrii 45, kama miale. Hiyo ndiyo alama yake. Kuta zake zimesimama karibu wima, kwa hiyo haziitemi bisibisi kama Phillips. Skrubu nyingi za mbao, za bawaba za kabati na za samani za kuunganisha mwenyewe ni za aina hii. Ncha ya Phillips inaingia humo bila shida, inacheza, kisha inaruka. Na kwa kuwa imeingia, mtu anadhani ni yake. Ukifanya kinyume, ncha ya Pozidriv kwenye tundu la Phillips haishuki hadi chini, maana mbavu zake nyembamba hazina pa kuingia. Kwenye biti, zile ncha za kubadilisha, zimeandikwa PH kwa Phillips na PZ kwa Pozidriv. Soma herufi hizo kila unapobadilisha biti.

Wa tatu ni msalaba wa Kijapani, JIS, unaokutana nao kwenye pikipiki, kamera, vinasa sauti na cherehani za Japani. Mara nyingi kichwani pana kitone kimoja kidogo, pembeni mwa msalaba. Ncha ya Phillips ikiingia humo hukaa juu juu, haifiki chini.

Nilijifunza tofauti hiyo kwenye kabureta ya pikipiki ya Kijapani. Chini ya bakuli la mafuta kulikuwa na skrubu nne. Mbili za kwanza nilizivuruga kwa PH2 niliyoiamini. Ya tatu nikaitazama kwanza: pembeni mwa msalaba kulikuwa na kitone, mfano wa alama ya sindano. Nikaazima bisibisi ya JIS namba 2, nikaiweka, nikaachia mkono. Ilisimama yenyewe wima juu ya skrubu bila kuyumba. Nikasukuma, nikazungusha, ikaachia kwa mlio mmoja mkavu, "tak". Na ya nne vivyo hivyo. Zile mbili za kwanza zilinichukua siku iliyofuata yote.

Kipimo hicho cha kuachia mkono ndicho ninachokiamini hadi leo. Weka ncha kwenye tundu, shika mpini kwa vidole viwili, uzungushe kushoto na kulia bila kusukuma. Ikicheza zaidi ya kiasi kidogo sana, si yake, au ni ndogo, au imelika.

Kuhusu ukubwa: kwa skrubu za mashine, PH0 ni ya M1.6 na M2 (M ni unene wa shina kwa milimita), PH1 ni ya M2.5 na M3, PH2 inachukua M3.5 hadi M5, na PH3 ni ya M6. Kwa skrubu za mbao za Pozidriv, PZ2 ndiyo inayoshika unene wa milimita 3.5 hadi 5, na PZ3 ni ya milimita 6. Kosa kubwa ni kutumia PH1 kwenye tundu la PH2 kwa sababu "inaingia". Inaingia kweli, ila inagusa chini tu na kingo za juu haizishiki. Anza na ncha kubwa, ukiona haiingii ndipo ushuke.

Kama aina ni sahihi na ukubwa ni sahihi na bado inaruka, tazama ncha yenyewe. Biti iliyochoka ina kingo za mviringo zinazong'aa. Itupe. Biti moja mpya ni nafuu kuliko skrubu moja ya kutobolewa. Sababu ya mwisho ni mkao: bisibisi iliyolala kidogo tu inashika mikono miwili ya msalaba badala ya minne. Jipange nyuma yake, mkono wa kuzungusha, kiwiko na skrubu viwe kwenye mstari mmoja.

## Bisibisi bapa inateleza pembeni na kukwaruza kazi

Kichwa cha mfuo mmoja ni cha zamani kuliko vyote hivi, na kina udhaifu ambao hakuna ufundi wa mkono unaoweza kuuondoa: hakina kuta za mwisho. Ncha inaweza kutoka upande wowote wa mfuo. Kwa hiyo hapa ukubwa ndio kila kitu. Upana wa ncha uwe sawa na urefu wa mfuo, isiwe fupi na isitokeze pembeni. Unene wake ujaze mfuo.

Tatizo la bisibisi bapa nyingi ni kwamba ubavuni zimechongwa kama kabari. Kabari ikizungushwa ndani ya mfuo inapanda juu, na inagusa midomo tu, ndiyo maana midomo hupinda na kumeguka. Mafundi wa saa na wa bunduki hutumia ncha ambayo pande zake mbili zinakwenda sambamba. Unaweza kuichonga mwenyewe kwa tupa: ifunge bisibisi kwenye jiliwa, chonga pande zote mbili hadi ncha itulie chini ya mfuo bila kucheza. Usiitie kwenye jiwe la umeme hadi ibadilike rangi, chuma kitalainika na ncha itajikunja kwenye skrubu ya kwanza ngumu.

Kwa yote hayo, mfuo mmoja bado una mahali pake. Skrubu ya marekebisho, inayogeuzwa kidogo kidogo na kuonekana imekaa upande gani, inafaa sana kuwa ya mfuo. Hali kadhalika kazi ya nje inayopakwa rangi mara kwa mara, kwa kuwa mfuo unasafishika kwa kisu kwa dakika moja, wakati tundu la Torx, nyota ya ncha sita, likijaa rangi linakula sindano na subira.

Kwenye vituo vya nyaya, hasa swichi za kujikata, utaona kichwa chenye msalaba ambao mikono yake miwili imerefushwa kuwa mfuo. Ncha bapa inaruka, PH2 inaruka. Zipo bisibisi zilizotengenezwa kwa kichwa hicho, zenye msalaba na ubapa kwa pamoja, na zinashika kwa uthabiti mwingine kabisa. Kama unafunga nyaya mara kwa mara, nunua moja. Na umeme uzimwe kwanza, kisha uhakikishe kwa kipimo kwamba umezimika.

## Alenki inazunguka ndani ya tundu

Tundu la pembe sita halina kuta zilizoinama, kwa hiyo haliitemi alenki, ule ufunguo wa pembe sita, nje. Ndiyo raha yake. Lakini nguvu yote inapita kwenye pembe sita tu, na pembe zikishakuwa mviringo, tundu limekuwa duara.

Sababu ya kwanza ni kuchanganya inchi na milimita. Alenki ya inchi 5/32 ni milimita 3.97, kwa hiyo inakubali kwenye tundu la milimita 4 bila madhara makubwa. Ya inchi 5/16 ni milimita 7.94, nayo inakubali kwenye 8. Mazoea hayo ndiyo yanayotuponza, kwa sababu inchi 3/16 ni milimita 4.76, na ukiitia kwenye tundu la 5 inaacha nafasi ya karibu robo ya milimita. Inchi 3/32 ni 2.38, inacheza ndani ya 2.5. Milimita 3 inacheza ndani ya inchi 1/8, ambayo ni 3.175. Seti mbili za alenki zikichanganyika kwenye boksi moja, skrubu ndizo zinazolipa.

Sababu ya pili inahusu umbo la kichwa kwa nje, na wachache wanaizingatia. Skrubu ya M6 yenye kichwa kirefu cha silinda inatumia alenki ya milimita 5. M6 hiyo hiyo ikiwa na kichwa cha kuba, kile cha mviringo kinachopendeza macho, inatumia milimita 4, na ile ya kichwa cha kuzama pia ni 4. Kwa M5 ni 4 kwa silinda na 3 kwa kuba. Maana yake, kichwa cha kuba kina tundu dogo na la kina kifupi, huku hesi zake, ile mistari inayozunguka shina, zikiwa na ukubwa ule ule unaoweza kukazwa kwa nguvu ile ile. Ndiyo maana vichwa vya kuba huliwa haraka. Mahali panapobeba mzigo au panapofunguliwa mara kwa mara, ninaweka silinda. Kuba ninaiacha kwenye vifuniko.

Sababu ya tatu ni alenki yenye ncha ya mviringo kama tufe, ile inayoingia kwa pembeni. Ni nzuri kwa kuzungusha haraka skrubu iliyokwisha kulegea. Kulegeza kwenyewe na kukaza kwa mwisho fanya kwa upande wa ncha nyoofu.

Alenki iliyochakaa mwishoni haihitaji kutupwa. Kata milimita chache za mwisho kwa jiwe la kukatia huku ukiipoza kwa maji, na umepata pembe mpya sita.

## Nyota yenye ncha sita

Torx ilitoka mwaka 1967 kwa kampuni ya Camcar Textron ya Marekani, na nisipoficha hisia zangu, laiti skrubu zote za mbao zingekuwa hizi. Vidole vyake sita vinasukuma ukuta karibu moja kwa moja kwenye upande wa mzunguko: pembe ya mgusano ni digrii 15, wakati kwenye tundu la alenki ni 60. Kwa hiyo nguvu kidogo sana inakwenda kulipasua tundu na nyingi inakwenda kuzungusha. Unaweza kufunga skrubu ndefu kwa mkono mmoja bila kuisukuma.

Inapoharibika, karibu kila mara ni kwa sababu mbili. Moja ni ukubwa ulio chini kwa hatua moja. T20 inaingia kwenye tundu la T25 na inaonekana kufaa hadi uanze kukaza. Jaribu kubwa kwanza, hapa pia. Skrubu za mbao za milimita 4 mara nyingi ni T20, za 5 ni T25 au T20, za 6 ni T30, lakini watengenezaji wanatofautiana, kwa hiyo pima. Nyingine ni uchafu chini ya tundu. Biti ya Torx inashika vizuri ikishuka hadi mwisho tu. Ikisimama nusu, inamega vidole vya juu.

Kama biti haiingii kabisa, chungulia ndani. Pengine kuna kijiti katikati ya tundu. Hiyo ni Torx ya usalama, na inahitaji biti yenye kitobo katikati.

Usiichanganye Torx na nyota ndogo ya ncha tano iliyo kwenye simu za iPhone, wala na ile ya mabawa matatu ya vifaa vya Nintendo. Kwa skrubu ndogo kiasi hicho, bisibisi isiyo yake haikupi nafasi ya pili.

## Tundu la mraba

Hili likikupata, tatizo lako huenda ni kutokuwa na biti yake tu. Peter Lymburner Robertson wa Kanada alipata hataza yake mwaka 1909, na Wakanada bado wanalipenda. Tundu limeinama kidogo sana kuelekea chini, kiasi kwamba skrubu inajishikiza kwenye ncha hata ukiielekeza ardhini. Mipini yake hutiwa rangi kwa ukubwa: njano ni 0, kijani 1, nyekundu 2, nyeusi 3. Nyekundu ndiyo inayotumika zaidi.

## Kichwa hakilali sawa, au ubao umepasuka chini yake

Hapa tunatoka kwenye tundu na kwenda kwenye umbo la kichwa kwa chini, kwa sababu hilo ndilo linaloamua skrubu inabana vipi.

Kichwa cha kuzama kina umbo la koni, na koni ni kabari. Kwenye ubao uliotayarishwa kinalala sawa na uso wa mbao na mkono haukihisi. Kwenye ubao mwembamba, au karibu na ukingo, kabari hiyo inapasua. Kwenye plastiki inapasua polepole: leo hakuna kitu, baada ya miezi unaona mstari mweupe unaotoka kwenye skrubu kwenda ukingoni. Plastiki inataka kichwa chenye tumbo bapa kwa chini, na washa (kile kiduara bapa cha chuma) kama nafasi ipo.

Kwenye chuma, kichwa cha kuzama kisipokaa vizuri pima pembe ya koni. Skrubu za vipimo vya milimita zina koni ya digrii 90, na za Kimarekani za inchi zina 82. Ukitia moja kwenye mdomo uliochongwa kwa ajili ya nyingine, inagusa kwenye duara jembamba tu, ama juu ama chini, na italegea kwa mtikisiko.

Kichwa kikizama na kupita hadi upande wa pili wa ubao laini, hukuhitaji skrubu nene zaidi. Ulihitaji kichwa kipana, kile cha sahani, au washa.

Skrubu nyeusi za mbao za jipsamu zina kichwa chenye mkunjo kama mdomo wa tarumbeta. Mkunjo huo unaibonyeza karatasi ya jipsamu bila kuichana. Ni umbo zuri kwa kazi hiyo. Tatizo ni kwamba kila mtu anazo, na anaishia kuzitumia kuning'iniza rafu.

Na kitu kimoja cha vipimo ambacho kinawagharimu watu safari ya pili dukani: urefu wa skrubu ya kichwa cha kuzama hupimwa pamoja na kichwa, maana kichwa chote kinaingia ndani. Vichwa vinavyokaa juu ya uso hupimwa kuanzia chini ya kichwa.

## Kichwa kimekatika

Skrubu za jipsamu zimetiwa ugumu kwa moto, na chuma kigumu hakipindi, kinavunjika. Ukiining'iniza rafu kwa skrubu hizo, siku ya kuzidiwa hakuna onyo la kupinda. Kwa mzigo, tumia skrubu za mbao za kawaida zenye shina nene.

Vichwa vya shaba hukatika kwa sababu ya ulaini wa shaba. Toboa tundu la kutangulizia, pitisha kwanza skrubu ya chuma ya ukubwa ule ule ili ichonge njia, itoe, kisha weka ya shaba ikiwa imepakwa nta. Ukipata mshumaa, inatosha. Sabuni watu huitumia, ila inavuta unyevu.

Kwa mbao ngumu zote, tundu la kutangulizia liwe na unene wa kiini cha skrubu bila hesi. Ishike biti ya kutobolea mbele ya skrubu, kwenye mwanga: hesi zionekane pande zote mbili za biti, kiini kifichwe. Hakuna jedwali linaloshinda jicho hapo.

## Inazunguka tu, haikazi wala haitoki

Kama ni mbao, hesi za ndani zimekwisha. Jaza tundu kwa njiti za kiberiti zilizopakwa gundi ya mbao, kata zilingane na uso, ngoja ikauke, funga upya. Kwa bawaba ya mlango mzito, toboa tundu pana na gundisha kijiti cha mbao ngumu badala ya njiti.

Kama ni plastiki, huenda hesi bado ni nzima ila umezikatiza njia nyingine. Kila ukirudisha skrubu kwenye plastiki, izungushe kwanza kinyume, polepole, hadi uhisi imedondoka kidogo. Hapo mwanzo wa hesi umekutana na mwanzo wa hesi. Ndipo uanze kukaza.

Kama ni chuma na inazunguka bila kutoka, ingiza kisu chembamba chini ya kichwa na uinue huku unazungusha. Pengine nati ya upande wa pili inazunguka pamoja nayo.

## Haitikisiki hata kidogo

Kabla ya mafuta na nyundo, jiulize kama unazungusha upande sahihi. Pedali ya kushoto ya baiskeli ina hesi za kushoto. Skrubu iliyo ndani kabisa ya mdomo wa drili inayoweza kurudi nyuma nayo ni ya kushoto, na watu wengi wameikaza kwa nguvu zao zote wakidhani wanaifungua.

Kama ni kutu, dawa ni mafuta ya kulegeza na muda. Paka, gonga kichwa kwa nyundo mara kadhaa kwa wima, acha usiku, rudia. Pigo la nyundo linavunja kutu ndani ya hesi, na pia linaikalisha ncha ya bisibisi vizuri. Bisibisi ya kugongwa, ile inayogeuka yenyewe kidogo kila ukiipiga nyundo, inafanya mambo mawili kwa wakati mmoja: inasukuma ndani na inazungusha. Kwa Phillips iliyogoma sijaona kinachoishinda.

Kama ukingo wa hesi una rangi ya buluu au nyekundu, hiyo ni gundi ya hesi. Ya buluu kwa kawaida hufunguka kwa zana za mkono. Ile nyekundu kali huhitaji joto la kama digrii 250 za Selsiasi. Kwa skrubu ndogo, bana kichwa kwa ncha ya moto ya kifaa cha kulehemu risasi kwa dakika moja au mbili, kisha fungua ikiwa bado ya moto. Usifanye hivyo karibu na mafuta ya gari.

Chuma cha pua kina ugonjwa wake. Bolti na nati zote zikiwa za chuma hicho, zikazungushwa haraka na drili bila kilainishi, hesi zinang'atana na kuwa kitu kimoja. Ukianza kuhisi uzito usio wa kawaida kabla kichwa hakijafika, acha mara moja, paka mafuta, rudi nyuma robo, ngoja ipoe. Ukiendelea, utaikata tu.

## Kichwa kimeshaliwa

Nenda kwa mpangilio, kutoka kisichoharibu kitu hadi kinachoharibu.

Weka kipande cha rababendi pana kati ya ncha na tundu, sukuma kwa nguvu, zungusha polepole. Inasaidia kwenye msalaba uliolika kidogo, kwa skrubu isiyo na kutu. Kama ina kutu usipoteze muda. Pesti ya kusagia valvu ina nguvu zaidi: tone moja kwenye ncha, punje zake zinang'ata pande zote mbili.

Tundu la alenki lililokuwa duara, gongelea ndani yake biti ya Torx iliyo kubwa kidogo. Vidole vyake vinajichongea njia kwenye kuta. Zungusha kwa mkono na si kwa drili.

Kichwa kikiwa kimetokeza, kishike kwa vaisgripu, koleo la kujifunga, kwa nje. Watu wanasahau kwamba kichwa kina nje. Au kichonge mfuo kwa msumeno wa chuma, utumie bisibisi bapa pana. Njia hiyo ndiyo inayofungua pia zile skrubu za upande mmoja, zenye mfuo ambao nusu yake imechongwa ikainama ili zisifunguke.

Ikishindikana, toboa kichwa. Tumia biti yenye unene wa shina, toboa katikati hadi kichwa kidondoke. Kuna jambo zuri hapo: kichwa kikiondoka, mvutano wote kwenye hesi unaondoka pamoja nacho, na shina lililobaki mara nyingi linatoka kwa vidole au kwa koleo. Biti ya kutobolea ya mzunguko wa kushoto ni bora zaidi, kwa sababu inaweza kulitoa shina zima wakati bado unatoboa. Skrubu ya kung'olea, ile ya koni yenye hesi za kushoto, naiacha mwisho kabisa. Ni ngumu na inavunjika kirahisi, na ikivunjikia ndani huwezi kuitoboa kwa biti za kawaida.

Skrubu uliyoitoa kwa shida usiirudishe. Ipeleke kama kielelezo: linganisha hesi zake kwa kuzilaza meno kwa meno na hesi za skrubu mpya, uone kama zinalala bila mwanga kupita, pima urefu kwa namna inayostahili kichwa chake, na kama tundu linaruhusu, chukua ile yenye Torx au kichwa cha silinda. Paka hesi grisi kidogo, ianze kwa vidole mizunguko mitatu, kisha ndipo uchukue bisibisi.